UZI: Winterberi, kichaka cha kona yenye maji, na kwa nini chako hakizai

#1 Bwana_Matandazo (Maine, Marekani)

Wadau mlio majuu, hasa pande za kaskazini-mashariki mwa Marekani na Kanada, uzi huu ni wenu. Kila ikikaribia Novemba watu wananiuliza kuhusu kile kichaka cha kando ya barabara kuu, kwenye mitaro na madimbwi, kisicho na jani hata moja lakini matawi yamejaa vitunda vyekundu mpaka unadhani kuna mtu kapita kuvifunga. Kinaitwa winterberi. Kwenye lebo za vitaluni tafuteni Ilex verticillata. Ni jamii moja na ile holi ya majani yenye miiba inayochorwa kwenye kadi za Krismasi, ila hiki hakina miiba, na majani yake hupukutika yote. Jalidi ya kwanza ikipiga majani yanakuwa meusi, yanaanguka, hapo ndipo matunda yanaonekana vizuri.

Ni mmea wa huku huku. Huota wenyewe kuanzia Newfoundland hadi Minnesota, na kushuka kusini mpaka Alabama, kwenye vinamasi na kingo za vijito. Kwa hiyo ile kona ya uwanja ambayo theluji ikiyeyuka maji yanatuama wiki nzima, iliyokwisha kukuulia mawaridi na lilaki, ndiyo kona yake. Watu wanamwaga changarawe, wanachimba mifereji, wanalipa mafundi, na kichaka kinachoitaka kona hiyo kinauzwa mtaa wa pili! Kwenye udongo wa kawaida nacho kinakubali, ilimradi usiuache ukauke katika majira ya joto.

Sasa linalowaliza wengi. Winterberi ina kichaka dume na kichaka jike, mbalimbali. Mliokulia kwenye mipapai mnajua habari hii: dume linachanua vizuri tu, papai hulioni. Na jike bila dume la kulichavusha linabaki na majani. Nyuki ndio wanaohamisha chavua, kwa hiyo dume halilazimiki kusimama bega kwa bega na majike, lakini lisizidi kama mita 15. Dume moja linatosha majike sita hadi kumi.

Na siyo dume lolote. Vitaluni vinauzwa kwa majina, na kila jina lina wakati wake wa kuchanua. Winter Red, jike maarufu kuliko yote, lililotoka kitalu cha Simpson pale Vincennes, Indiana, huchelewa. Mwenza wake ni Southern Gentleman. Winter Gold, lenye matunda ya rangi ya machungwa iliyopauka, lilitokana na tawi la Winter Red lililobadilika rangi, kwa hiyo linatumia dume lile lile. Red Sprite ni fupi, mita moja na kidogo, huchanua mapema, na mwenza wake ni Jim Dandy. Sparkleberry ni chotara wa winterberi hii na ya Kijapani, lilitolewa na US National Arboretum, bustani ya miti ya taifa ya Washington, mwaka 1973, hupita mita tatu, na dume lake ni Apollo.

Ushauri wangu: nunua dume kwanza, ndipo uchague majike. Watu wote hufanya kinyume, kwa sababu dukani mwezi wa kumi majike yamewekwa mbele yakiwa mekundu, na dume liko nyuma huko, limesimama tu na vijiti vyake.

Karibuni kwa maswali. Picha nitapandisha jioni.

#2 KijanaWaKisutu

Nimeweka kiti hapa. Sina bustani, nakaa ghorofa ya tano, lakini nasoma tu.

#3 Mama Furaha (Columbus, Ohio)

Asante kaka kwa somo. Mimi nina vichaka viwili, vyote Winter Red, vimepandwa mbele ya nyumba. Matunda siyo shida kwa sababu jirani ana dume. Shida yangu ni majani. Ikifika mwezi wa saba yanakuwa ya njano, ile mishipa ya jani inabaki kijani, na matawi ya juu hayakui. Nimeweka mbolea ya kawaida ya bustani, hali ni ile ile. Nimwagilie zaidi au?

#4 Bwana_Matandazo

Dada, usiongeze maji bado. Jani la njano lenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo ardhini, ila mmea hauwezi kukichukua kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Winterberi inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) kati ya 4.5 na 6, mwisho kabisa 6.5. Huko kwenu Ohio ya kati udongo mwingi umekaa juu ya mawe ya chokaa. Tena umesema mbele ya nyumba: angalia kama vimepandwa karibu na msingi, maana saruji nayo inavuja chokaa kidogo kidogo miaka nenda rudi.

Pima udongo kabla ya kununua dawa yoyote. Ofisi ya ugani ya kaunti yako itakuelekeza maabara. Sisi huku Maine tunapeleka chuo kikuu, Orono. Wakikwambia pH imezidi, kuna salfa ya bustani ya kuishusha, lakini inafanya kazi polepole, ni suala la miezi na kurudia. Matandazo ya sindano za msonobari au majani ya mwaloni yatasaidia kutunza unyevu. Jivu la mekoni usithubutu, linaongeza chokaa.

Ikiwa pH ni 7.5 na kuendelea, nakushauri usipigane na udongo. Hamisha vichaka kwenye pipa kubwa lenye udongo ulioutengeneza mwenyewe, au panda Viburnum trilobum, nayo ina matunda mekundu ya baridi na haisumbuliwi sana na chokaa.

#5 Mama Furaha

Kweli viko karibu kabisa na msingi! Nitapima. Mungu akubariki.

#6 Otis_wa_Ramogi (Minneapolis)

Bwana Matandazo, nakupinga kidogo kwa hii story ya dume maalum kwa kila jike. Huku kwetu msimu ni mfupi, kila kitu kinachanua kwa haraka haraka kwa wakati mmoja. Jim Dandy yangu iko na Winter Red na zinazaa tu vizuri. Nafikiri hao watu wa nursery wanataka tununue miti mingi.

#7 Bwana_Matandazo

Otis, hujakosea. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo nyakati za kuchanua zinavyobanana, na dume la mapema huwahi maua ya kwanza ya jike la kuchelewa. Lakini hapo unategemea hali ya hewa. Mwaka wenye joto la ghafla watakutana, mwaka wa majira ya kuchipua marefu wanapishana, na wewe utabaki unajiuliza kichaka kimepatwa na nini. Mtu mwenye nafasi ya dume moja tu achukue lile linalolingana na majike yake. Mwenye nafasi ya mawili achukue yote mawili, Jim Dandy na Southern Gentleman, alale usingizi.

Halafu kuna wenye bahati, wanaoishi jirani na kinamasi. Madume ya porini yapo humo na nyuki hawaulizi mpaka wa kiwanja.

#8 Dokta Mbegu (Morogoro)

Nikosoe kidogo mfano wa mpapai. Mpapai una dume, jike, na ule wenye jinsia zote mbili katika ua moja, ambao ndio wakulima wengi wa biashara wanaoutaka kwa sababu unajichavusha. Winterberi haina huyo wa tatu. Kwa hiyo anayeitegemea bahati kama kwenye papai, huku atasubiri sana.

Swali: jinsia unaitambuaje kabla ya tunda? Na kama mtu ameotesha kwa mbegu?

#9 Bwana_Matandazo

Dokta, nakubali, sahihisho limepokelewa.

Jinsia inaonekana kwenye ua. Maua ni madogo, meupe, yanakaa kwapani mwa jani, huku kwetu ni Juni kuingia Julai. Chukua kioo cha kukuzia. Ua jike lina kitufe cha kijani katikati, hicho ndicho kitakachokuwa tunda. Linakaa peke yake au na wenzake wachache. Madume yanakaa kwa vishada, na katikati unaona stameni zenye unga wa njano. Kabla ya ua, hakuna namna. Jani halisemi, shina halisemi.

Kwa mbegu simshauri mtu wa bustani ya nyumbani. Kijusi ndani ya mbegu kinakuwa bado hakijakomaa, na mbegu inaweza kukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi ndipo iote. Halafu usubiri miaka mingine ili ichanue, ndipo ujue ni nani. Ukitaka kuongeza, kata vipandikizi laini vya mwezi wa sita au mwanzo wa saba, urefu wa kiganja, toa majani ya chini, tia homoni ya mizizi, weka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na mfuko wa plastiki usikauke. Vinashika bila shida. Na kipandikizi cha jike ni jike, cha dume ni dume, hakuna kubahatisha.

Njia ya wavivu, ambayo naipenda: kichaka kikubwa hutoa machipukizi pembeni kutoka mizizini. Chimba chipukizi lenye mizizi yake mapema kabla majani hayajatoka, lihamishe. Ila hapo hakikisha mama yake hakuwa wa kuunganishwa juu ya mizizi ya mmea mwingine.

#10 Bi_Shangazi (Ontario, Kanada)

Habari zenu. Mume wangu hukata uzio wote wa vichaka wa nyumba kwa mashine mwezi wa saba, anapenda vichaka viwe na umbo la sanduku. Winterberi zetu ziko ndani ya huo mstari. Dume tunalo, udongo unyevu tunao, maua nayaona, lakini matunda ni ya kuhesabu, tena yako ndani ndani tu. Nahisi ni yeye. Naomba ushahidi ili nimuoneshe.

#11 Bwana_Matandazo

Shangazi, shikamoo. Ushahidi huu hapa, muite asome.

Maua ya winterberi hutoka kwenye machipukizi ya mwaka huo huo. Mwezi wa saba hayo machipukizi ndiyo yamebeba vitunda vichanga vya kijani, na mashine inapita hapo hapo juu yao. Yale ya ndani yamepona kwa sababu mashine haikuyafikia. Kwa hiyo mjomba anavuna mapema, tena anatupa mavuno.

Kupogolea ni mwishoni mwa baridi, Machi kwa mfano, kabla macho ya matawi hayajafumbuka. Na usikate ncha. Chagua mashina ya zamani, manene, yenye gome jeusi, yakate chini kabisa usawa wa ardhi, usizidi theluthi moja ya kichaka kwa mwaka. Vijana watachipua toka chini. Mjomba akitaka umbo la sanduku apewe ligustrum, huo mmea hauna kinyongo.

#12 Bi_Shangazi

Marahaba mwanangu. Nimemsomea. Amesema "hao wa mtandaoni wanajua nini," lakini mashine ameirudisha stoo.

#13 Otis_wa_Ramogi

😂😂 Shangazi ameshinda kesi.

#14 Neema_K (Lewiston, Maine)

Mimi niko na watoto wadogo na mbwa. Hiyo matunda inakulika? Mtoto wangu anaweka kila kitu kwa mdomo.

#15 Bwana_Matandazo

Hailiwi, dada Neema. Si sumu ya kuua mtu kwa tunda moja, lakini ina kemikali iitwayo saponini, na mtoto akila kadhaa atatapika na kuharisha. Mbwa vivyo hivyo. Akila mengi piga simu kituo cha sumu, usisubiri. Watoto wa umri wa kutambaa na kuokota, panda nyuma ya uzio au panda aina ndefu, Winter Red, ambayo matunda mengi yanakaa juu. Red Sprite iko usawa wa mkono wa mtoto kabisa, kwako ningeiacha kwa sasa.

Wanaoila ni ndege. Robini, na wale wenye kishungi na ncha ya njano mkiani, hutua kundi zima wakamaliza kichaka asubuhi moja. Mara nyingi hawaanzi mapema. Wanakula kwanza matunda mengine, hii wanaiacha mpaka baridi imekolea. Mimi sifukuzi. Anayetaka ya kupamba nyumba akate yake Novemba, yanayobaki ni ya wenyewe.

#16 Maua_ya_Aalsmeer (Uholanzi)

Nimefurahi kukuta uzi huu. Mimi nafanya kazi kwenye maua yaliyokatwa, na matawi ya Ilex, ndivyo tunavyoyaita huku, ni bidhaa kubwa Novemba na Desemba. Yanauzwa bila majani, vijiti na matunda tu.

Kwa wanaokata nyumbani: subiri majani yaanguke yote, ukikata mapema jani linanyauka tawini na kuchafua kazi. Tumia mkasi mkali, kata kwa mshazari. Kwenye chombo cha maua ndani ya nyumba badilisha maji, na weka mbali na hita. Hewa kavu yenye joto ndiyo inayokunja tunda na kuliangusha. Nje, kwenye chungu cha mlangoni, chomeka tu kwenye udongo kabla haujaganda, matunda yatakaa wiki nyingi kwa sababu baridi yenyewe ndiyo friji.

Na jamani, msikate tawi lenye matunda kwa kulivuta. Ukichana gome umefungua mlango wa ukungu.

#17 Bwana_Matandazo

Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa naitafuta. Niongeze: yale ya kando ya barabara yana wenyewe. Kinamasi unachokiona hakina nyumba kina mwenye ardhi. Gonga mlango uombe, wengi hukubali. Na ukiwa porini tofautisha winterberi na ule mtambaa wa Asia unaonyonga miti, Celastrus orbiculatus. Ule nao una matunda mekundu, lakini yamekaa ndani ya ganda la njano lililopasuka, na shina lake linajisokota kwenye miti ya wenzake. Ukiupeleka nyumbani kwa mapambo kisha ukatupa nje, ndege watasambaza mbegu na mtaa mzima utaujua.

#18 Shekilindi (Lushoto)

Wakuu, huku Lushoto kuna baridi na ukungu, mwezi wa saba tunavaa makoti. Nikiagiza mbegu za hii winterberi itakubali? Nina kijito kinapita chini ya shamba.

#19 Bwana_Matandazo

Mkuu Shekilindi, baridi ya Lushoto ni ya kuvaa koti, na hii inataka ya kugandisha ndoo. Inahitaji miezi ya kulala kabisa, bila hiyo inachanganyikiwa, haijui lini ichipue. Usiagize. Na kuingiza mbegu bila kibali cha afya ya mimea ni kutafuta kesi.

Lakini ndugu yake unaye hapo hapo. Ilex mitis, holi ya Afrika, ipo kwenye misitu ya Usambara, Kilimanjaro na Mlima Kenya, na hupenda hasa kingo za vijito. Haipukutishi majani, inakuwa mti kamili na siyo kichaka, na nayo ina dume na jike. Jike linazaa vitunda vyekundu na ndege wanavishangilia. Kwa kijito chako ndiyo yenyewe.

#20 Dokta Mbegu

Nathibitisha kuhusu Ilex mitis. Shekilindi, mbegu zake zipande zikiwa mbichi, zisikaushwe zikawekwa stoo. Toa nyama ya tunda, osha, tandaza kitaluni kwenye kivuli, udongo uwe na unyevu muda wote. Otesha mingi, maana na wewe hutajua dume na jike mpaka ichanue. Na mbegu okota kwa ruhusa kama ni ndani ya hifadhi.

#21 Shekilindi

Daah, kumbe. Kuna mti kama huo karibu na chanzo cha maji, gome la kijivu jeupe lina vidoa. Kesho naenda kuuangalia.

#22 Neema_K

Bwana Matandazo, mimi nimeamua Winter Red nyuma ya uzio, pale maji inatuama. Duka iko na punguzo sasa kwa sababu msimu unaisha. Nipande sasa hivi Oktoba ama ningoje? Na shimo niweke mbolea?

#23 Bwana_Matandazo

Panda sasa hivi, ardhi bado ina joto na mizizi itafanya kazi mpaka igande. Shimo liwe pana mara mbili ya chungu, kina kisizidi cha chungu chenyewe. Shingo ya mmea isizikwe. Mbolea usiweke, rudisha udongo ule ule uliochimba, ukichanganya na mboji kidogo ukipenda. Mizizi ikiwa imejizungusha ndani ya chungu, ichane kwa vidole. Mwagilia mpaka shimo lishibe, hata kama kona ni ya majimaji, kisha matandazo ya unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Kati ya kichaka kimoja na kingine acha mita mbili na nusu. Halafu zungushia wavu wa waya chini, kwa sababu sungura wa huku theluji ikijaa hutafuna magome, na kulungu nao watajaribu ncha.

Mwaka wa kwanza na wa pili usitegemee matunda mengi, mmea mdogo unajenga mizizi kwanza. Na ule mwezi wa kuchanua ukiwa mkavu, peleka maji. Winterberi ikikosa maji wakati huo inaangusha vitunda vikiwa vichanga.

Southern Gentleman umeuliza kama wanalo?

#24 Neema_K

Nimepiga simu. Wamesema limebaki moja, liko nyuma huko. Wameniwekea mpaka Jumamosi.